Nsajigwa Aliposikia Sala ya Mkewe

Nsajigwa Mbonile aliteremka kutoka milima ya Ileje mwaka 1988, kijana mwenye mabega mapana na begi moja, na kazi ya kwanza aliyoipata Tunduma ndiyo iliyomla masikio. Enzi hizo watu binafsi walikuwa wameanza kufungua biashara zao waziwazi, malori yanaongezeka barabarani, na bwana mmoja aitwaye Damiano alikuwa amesimika mashine ya kusaga nyuma ya soko. Ilikuwa mashine ya dizeli, imefungwa kwenye chumba cha matofali chenye dirisha moja. Ikiwaka, ukuta wenyewe ulitetemeka. Akina mama waliopeleka mahindi walimimina madebe yao, wakakimbilia nje kusubiri huku wameziba masikio kwa viganja. Nsajigwa alibaki ndani. Alisimama hapo kutwa, akilisha mahindi, akikung'uta mfuko wa unga, kope zake nyeupe kama za mzee, na jioni akirudi nyumbani kichwa kilikuwa bado kinavuma.

Hakuna aliyemwambia azibe masikio. Hata angeambiwa, angeziba na nini?

Usikivu wake haukuondoka siku moja. Ziliondoka kwanza sauti nyembamba, ndege wa asubuhi, mlio wa simu, watoto wakicheza uani. Halafu maneno yakaanza kumfikia yakiwa yamenyofolewa vipande. Akiambiwa saa, anasikia taa. Akiambiwa kesho, anasikia kelele. Kwa miaka kadhaa aliamini kwamba watu wa mjini wameanza kusema kwa kunung'unika, na aliwakemea kwa hilo. Mkewe Tabita, ambaye alimwoa hukohuko Ileje na kumleta mjini, ndiye aliyetambua kabla yake. Alianza kumshika mkono kabla ya kusema naye. Alianza kukaa upande wake wa kulia kanisani, na mchungaji akisema jambo, humrudia kwa midomo polepole. Kwenye mikutano ya mtaa watu wakimuuliza Nsajigwa swali, waliangalia uso wa Tabita kusubiri jibu. Ikafika mahali hata wageni waliokuja kumsalimia yeye walizungumza na mama, wakamwachia baba tabasamu na mkono.

Walijaliwa watoto wawili. Wa kwanza Jenista, wa pili Lwitiko.

Lwitiko alifariki mwaka 2003, akiwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Nsajigwa alilijua jambo hilo hivi. Tabita alikuwa amepanda Itumba, huko kwao Ileje, pamoja na Jenista kumuuguza mama yake mzazi. Mtoto akashikwa na homa. Baba akampeleka zahanati, akapewa dawa za malaria, akampa dozi yake, akamlaza chumba cha nyuma na kumfunika. Alasiri hiyo hakwenda mashineni. Alifunga mlango kwa komeo, kwa sababu mtaa wao ulikuwa karibu na maegesho ya malori na watu wa kila aina walipita, akakaa sebuleni kushona chekeche la mashine lililochanika. Nyumba ilikuwa kimya. Alijiambia mtoto amepata usingizi, acha alale, dawa ifanye kazi. Jua lilipoelekea kuzama alikwenda kumtazama na kumkuta ameshapoa.

Madaktari walisema degedege. Tabita alirudi na gari la asubuhi. Alilia msibani kama mama yeyote anavyolia, na baada ya matanga akachukua jembe na kwenda shambani. Hakumuuliza mumewe swali hata moja. Nsajigwa alilichukulia hilo kuwa huruma, na kwa miaka yote alimshukuru kimoyomoyo.

Miaka kumi ikapita. Mashine ya Damiano ikabadilishwa kuwa ya umeme, vijana wakaajiriwa, na Nsajigwa akapewa kazi ya kutunza ghala la mahindi, mahali ambapo hakuhitajika kuzungumza na mtu sana. Jenista alisoma, akawa mwalimu huko Mbeya. Ni yeye aliyesikia kwamba wataalamu wa masikio wanakuja Mbeya kupima watu na kuwapa vifaa vya kusaidia kusikia. Akampigia simu mama, mama akamshika baba mkono, akamweleza kwa midomo. Nsajigwa hakutaka. Alisema uzee hauna dawa. Lakini Jenista alikuja mwenyewe kumchukua.

Huko Mbeya walimfungia kwenye chumba kidogo, wakamvika vitu vya kichwani, wakamwambia anyooshe kidole kila akisikia mlio. Mara nyingi alikaa tu akimtazama yule mtaalamu, binti mpole aliyevaa koti jeupe, akisubiri mlio ambao kumbe ulikuwa umeshapita. Walipima masikio yake kwa kitu laini kama unga wa ngano uliokandwa. Alirudi tena baada ya wiki kadhaa, na safari hiyo yule binti akampachika mashine mbili ndogo nyuma ya masikio, zikiwa na vijibomba vyembamba vinavyoingia ndani, akaziwasha.

Kitu cha kwanza alichosikia ni shati lake mwenyewe. Alipogeuka, kola ilikwaruza kama mtu anayefagia kwa ufagio wa chelewa. Alishtuka, akajigusa shingo. Halafu akajisikia anasema, "Ni nini hicho?" na sauti yake ikamjia kutoka ndani, nzito, kama mtu anayeongea akiwa ameingiza kichwa kwenye pipa.

"Baba, unanisikia?" Jenista aliuliza.

Alimtazama binti yake, mwanamke mzima mwenye pete. Sauti aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya mtoto wa shule ya msingi. Akaitikia kwa kichwa.

Mtaalamu alimpa maelekezo kwa utaratibu. Asizivae kutwa kwa mara ya kwanza. Aanze na mahali pa utulivu, ndani ya nyumba, asubuhi kabla dunia haijaamka, kisha aongeze kidogokidogo. Akioga azitoe. Azikinge na vumbi na jasho. Na asikate tamaa, kwa sababu masikio yaliyolala miaka mingi hayaamki yakiwa na furaha.

Hilo la mwisho alilithibitisha kwenye kituo cha mabasi cha Tunduma. Aliposhuka, honi za malori yaliyopanga foleni kuelekea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, zilimwingia zote kwa pamoja, na sauti za wapiga debe, na za bodaboda, na redio za maduka, kila sauti ikiwa na ukubwa uleule, hakuna ya mbele wala ya nyuma. Mtu mwenye masikio mazima huchagua cha kusikiliza bila kujua kwamba anachagua. Yeye hakuweza. Alisimama katikati ya watu ameshika kichwa, hadi Jenista alipomvuta pembeni na kuzima zile mashine.

Nyumbani hapakuwa afadhali sana. Mvua ya kwanza ilipopiga bati aliingia chini ya blanketi. Kijiko cha Tabita kwenye sufuria kilimkata kama wembe. Akitafuna mhogo, taya zake zenyewe zilimpigia kelele. Vijibomba vilimchubua, na akilala upande mmoja mashine zilipiga mluzi mwembamba ambao paka aliuogopa. Majirani walikuja kumjaribu. Walisimama nyuma yake wakamwita jina kwa kunong'ona, akigeuka wanacheka na kupiga makofi, na yeye alicheka nao, lakini kila alipocheka alijihisi kama mbuzi wa mnadani.

Kilichomshangaza ni Tabita. Alitegemea mkewe atakuwa wa kwanza kufurahi. Tabita alifurahi, kweli, siku ile ya kwanza alimshukuru Mungu na kumpikia kuku. Ila sauti yake ilikuwa imechakaa, ya mwanamke aliyepiga kelele miaka mingi ili asikike, na baada ya siku chache akawa hasemi mengi. Zamani alikuwa akipita ndani ya nyumba anajisemea, anaimba, anagomba na kuku. Nsajigwa alikuwa akiona midomo yake ikicheza. Sasa alisahau mara nyingi kwamba mumewe anasikia, na akikumbuka, alinyamaza ghafla kama mtu aliyeingiliwa bafuni.

Mambo yalibadilika asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja. Nsajigwa aliamka kabla jua halijachomoza. Kwa kufuata maelekezo ya mtaalamu, alinyoosha mkono kwenye kijaluba kilichokuwa kando ya kitanda, akapachika mashine zake, akalala chali kusikiliza utulivu. Akasikia jogoo wa jirani. Akasikia lori moja likipumua kwa mbali. Halafu akasikia mtu anaongea sebuleni.

Alikuwa Tabita, anasali. Kwa miaka yote Nsajigwa alimwona mkewe akipiga magoti pale kila alfajiri, kanga imemfunika kichwa, na hakuwahi kufikiri kwamba sala ile ilikuwa na sauti. Kumbe alisali kwa kutamka, tena kwa Kindali, lugha waliyozaliwa nayo, na alizungumza na Mungu kama anavyozungumza mtu na kaka yake mkubwa. Aliwaombea wagonjwa wa mtaa. Alimwombea Jenista apate mtoto. Nsajigwa alitabasamu gizani. Alihisi amepewa zawadi.

Kisha Tabita akanyamaza kidogo, na aliporudi, sauti ilikuwa chini.

Alisema, "Baba, na leo tena nakuomba. Mtoto wangu aliita, hakuitikiwa. Nisaidie leo nisimchukie huyu mzee. Hakufanya kusudi, najua. Wewe unajua kwamba najua. Lakini nikimwona amekaa, amenipa mgongo, moyo wangu unasimama palepale. Nivushe mpaka jioni tu."

Akasema amina, akainuka. Nsajigwa aliisikia kanga ikikunjwa. Aliusikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na ndoo ikichukuliwa. Alilala vilevile, mikono kifuani, mpaka kukapambazuka.

Alikwenda ghalani, akakaa juu ya gunia. Mtoto wangu aliita. Aliyarudia maneno hayo kwa Kindali, halafu kwa Kiswahili, kama vile lugha nyingine ingeyapa maana nyingine. Mtoto gani aliita? Lwitiko alikuwa amelala. Nyumba ilikuwa kimya. Yeye mwenyewe alikuwepo.

Kesho yake aliamka tena mapema, akapachika mashine, akasikiliza. Na kesho kutwa. Alijiona mwizi, lakini hakuweza kuacha. Maneno ya Tabita yalibadilika kidogo siku hadi siku, wagonjwa wengine, shida nyingine, ila mwishoni alifika palepale, kama mtu anayepita njia moja kwenda kisimani. Siku nyingine aliomba kwa machozi. Siku nyingine aliomba haraka, kama jambo la kawaida, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Nsajigwa zaidi.

Mwishowe alikwenda kwa Marita. Huyu alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta tangu walipohamia, mjane wa Kinyamwanga, muuza mboga, mtu wa maneno machache. Alimkuta anachambua mchicha barazani. Alimsalimia, akakaa, akamuuliza moja kwa moja kama siku ile aliyofariki Lwitiko alisikia lolote.

Marita aliendelea kuchambua. Aliziangalia zile mashine nyuma ya masikio yake, akaangalia mchicha.

"Kwa nini unaniuliza mimi, baba?" alisema mwishowe. "Mwenzio hajakwambia?"

"Hajaniambia. Niambie wewe."

Marita aliweka sinia chini. Alieleza kwa sauti ya kawaida, na Nsajigwa alisikia kila neno. Alisema alikuwa ndani kwake alasiri ile, akamsikia mtoto analia upande wa pili wa ukuta. Alidhani baba yake yupo naye. Lakini mtoto aliendelea kuita baba, baba, na hakuna aliyeitika. Akatoka, akagonga mlango wa mbele. Akagonga tena. Akazunguka kwenye dirisha la sebule, akachungulia.

"Nilikuona," Marita alisema. "Umekaa kwenye kigoda, umenipa mgongo, unashona. Nilikuita kwa jina lako. Nilipiga nondo za dirisha kwa ufunguo. Hukugeuka. Nikakimbia barabarani kutafuta mwanamume wa kuvunja mlango, nikachelewa kumpata, na tuliporudi jua likizama, mlango ulikuwa wazi na wewe umembeba."

Alisema pia kwamba alimweleza Tabita jikoni, wakati wa msiba, kwa sababu aliona mama ana haki ya kujua. Tabita alimshika mikono akamwomba asimwambie mtu mwingine yeyote, hasa mumewe.

Nsajigwa alimshukuru. Alirudi nyumbani, akatoa mashine zote mbili, akazifunga ndani ya kijaluba na kukisukuma chini ya kitanda.

Tabita alipouliza kwa midomo, alimjibu kwamba betri zimekwisha. Ilikuwa sababu nzuri, maana betri zile ndogo kama kitufe cha shati hazikupatikana Tunduma. Akarudi kwenye ulimwengu wake wa zamani, wa midomo na mikono, na mwanzoni alipumzika. Lakini kimya hakikuwa kile alichokiacha. Zamani alipokaa nyumbani bila kusikia, aliamini hakuna kinachosemwa. Sasa alijua. Kila alipompa mtu mgongo alihisi kuna anayeita. Alianza kugeukageuka. Ghalani aliinuka mara kwa mara kwenda kuchungulia mlangoni, hakuna mtu. Nyumbani alihamisha kigoda chake, akakiegemeza ukutani ili uso wake uelekee vyumba. Tabita aliliona hilo.

Haikuchukua muda, Jenista akatuma betri kwa dereva wa basi dogo. Tabita mwenyewe alikwenda kuzichukua. Alimwita mumewe mezani, akakileta kijaluba alichokiokota chini ya kitanda alipokuwa anafagia, akafungua betri moja baada ya nyingine kwa kucha zake, akazipachika, akamsogezea. Alisimama akisubiri. Nsajigwa alizivaa. Mluzi ukalia, ukatulia.

"Hazikuwa zimekwisha," Tabita alisema. "Nimejaribu ile ya zamani, ikalia. Kwa nini ulizitoa?"

Angeweza kusema zinachubua. Angeweza kusema lolote. Alisema, "Nimekusikia ukisali, Mama Jenista."

Tabita aliketi. Uso wake haukubadilika kwa muda, kisha ukabadilika wote, na Nsajigwa, aliyetegemea kuona machozi au aibu, akaona hasira.

"Siku ngapi?"

"Nyingi."

"Ulikuwa umelala pale unanisikiliza."

"Nilikuwa nasikiliza."

"Miaka kumi," alisema Tabita, "nimelibeba mwenyewe ili wewe usilibebe. Nilikuwa na mahali pamoja tu pa kulitua. Sasa na hapo umeingia."

Nsajigwa alimwambia kwamba amekwenda kwa Marita, anajua yote. Alimwambia kwamba hakusikia, kwamba angesikia angekwenda, na hata alipokuwa akiyasema hayo aliyaona ni madogo, maana hakuna aliyebisha. Akaomba msamaha. Tabita alitikisa kichwa polepole.

"Usiniombe msamaha," alisema. "Ukiniomba itabidi nikujibu. Sina jibu. Ningekuwa nalo nisingepiga magoti kila siku."

Akainuka kwenda kuinjika ugali. Walikula. Walilala. Hakuna aliyeondoka, hakuna aliyepandisha sauti. Lakini alfajiri iliyofuata Nsajigwa aliposhtuka, sebule ilikuwa tupu. Tabita alikuwa amechukua kanga yake na kwenda kusali kanisani, mwendo mrefu gizani, kwenye barabara ya malori. Akafanya hivyo tena na tena. Alirudi miguu imelowa umande na kujaa vumbi, na Nsajigwa alikuwa amekaa kitandani kwa wasiwasi, akihesabu kila honi kuwa ni ya gari lililomgonga.

Alitafuta la kufanya. Kumzuia hakuweza. Kumfuata ilikuwa kumfuatilia tena. Alimpigia Jenista simu, mara ya kwanza katika maisha yake kupiga simu mwenyewe, akaishia kumuuliza habari za mvua.

Kisha siku moja jioni alimwambia mkewe asiende tena barabarani gizani. Akachukua kijaluba kutoka kando ya kitanda, akakipeleka sebuleni na kukiweka juu ya kabati la vyombo, mahali Tabita anapopigia magoti. Alimwambia mashine zitalala hapo. Tabita akishamaliza sala, yeye mwenyewe atamletea. Tabita alikitazama kile kijaluba muda mrefu. Asubuhi yake alisali nyumbani.

Waliishi hivyo karibu mwaka mzima. Kila siku baada ya sala Tabita aliingia chumbani na kumkabidhi masikio yake, na siku yao ikaanza. Nsajigwa alijifunza mengi katika mwaka huo. Alijifunza kukaa sokoni bila kushika kichwa. Alijifunza kupunguza sauti yake, maana kumbe alikuwa akipiga kelele kanisani. Mchungaji akiuliza swali, alijibu mwenyewe, mara nyingine kombo, na watu wakaanza kumtazama yeye badala ya mkewe. Tabita alisema wakati mwingine anajiona hana kazi. Alisema kama mzaha, lakini si mzaha wote. Kwenye mazungumzo yao Lwitiko alianza kutajwa kwa jina, kwa shida, kuhusu mambo madogo, kwamba alipenda ukoko, kwamba alikuwa mwoga wa bata. Habari ya alasiri ile hawakuigusa.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 mtoto wa Jenista alizaliwa. Habari zilifika usiku, na alfajiri Tabita aliingia chumbani mapema, kabla ya sala, ameshika kijaluba.

"Vaa," alimwambia. "Leo sali na mimi."

Nsajigwa alizivaa. Walipiga magoti pamoja sebuleni, magoti yake yakilalamika. Tabita alisali kwa Kindali, kwa kutamka, kama siku zote. Aliwaombea wagonjwa. Alishukuru kwa mjukuu, akamwombea pumzi na maziwa ya mama. Nsajigwa alisubiri, kichwa chini. Tabita akanyamaza kidogo, palepale alipokuwa akinyamaza zamani. Kisha akasema amina, akainuka, akakunja kanga, akamwambia uji uko karibu kuiva.

Alibaki amepiga magoti. Hakujua kama mkewe ameacha kuomba lile, au aliliacha leo kwa sababu yeye alikuwa anasikia. Alitaka kumuuliza. Sauti za jikoni zilimjia, maji yakimiminwa, kifuniko kikiwekwa, na Tabita akijiimbia kitu chinichini. Aliinuka kwa kushika kabati, akaenda kukaa jikoni, uso wake ukimwelekea, na hakuuliza.